P2 haimfungi panya uzazi

Swali limerudi tena, sasa kutoka Mwingi na Wote: nikisaga vidonge vya P2, vile vya dharura vya kuzuia mimba, nikavichanganya na unga, panya wataacha kuzaa? Hawataacha, na naomba tulimalize leo.

Dawa iliyomo kwenye P2 ni levonorgestreli. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, walishaijaribu kwa panya shamba, aina ileile inayomaliza mahindi ya Ukambani. Waliwalisha panya chambo chenye homoni kwa siku 7, wakachapisha matokeo mwaka 2018. Waliokula kwinestroli, ambayo ni homoni nyingine kabisa, walidhurika: majike walivimba mji wa mimba, madume wakapungukiwa mbegu. Waliokula levonorgestreli peke yake, viungo vyao vya uzazi havikubadilika. Kwa hiyo unachonunua kwa pesa yako ndicho kilichoshindwa mikononi mwa wataalamu, tena kwa kipimo kamili. Wewe unakisia kwa kijiko! Na unga huo ukiuacha sakafuni, kuku na mtoto wataufikia kabla ya panya.

Haya, tuseme umeipata hiyo kwinestroli. Panya shamba hubeba mimba wiki tatu tu, na huzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo. Ukiwafunga uzazi watano wa jikoni kwako, wa shamba la jirani watahamia wale kilichobaki. Hata ContraPest, dawa ya maji ya kuzuia uzazi wa panya iliyosajiliwa Marekani mwaka 2016, inataka panya aendelee kuinywa, na ilisajiliwa kwa panya wa majengoni, si wa shambani.

Wakati unahangaika na vidonge, mahindi yanatobolewa na kukojolewa, na punje iliyotoboka na kulowa hushika kuvu upesi. Mwaka 2004 aflatoksini, sumu itokanayo na kuvu, iliua watu 125 nchini Kenya, wengi wao wa Makueni na Kitui.

Fanyeni hivi. Inueni ghala juu ya nguzo, kila nguzo ivishwe koni ya bati. Mwenye uwezo anunue tangi la chuma la nafaka. Mfuko usiopitisha hewa panya huutoboa. Fyekeni vichaka. Tegeni mitego kijiji kizima kwa pamoja, Agosti na Septemba, kabla mvua za Oktoba hazijawaanzisha kuzaa. Sumu iwe iliyosajiliwa na PCPB, bodi ya viuatilifu, si ya mchuuzi, na mizoga izikwe. P2 iacheni kwenye duka la dawa.