Magdalene Odundo, mfinyanzi na mwalimu
Wengi katika inchi yetu wanazania kufinyanga ni kazi ndogo, kazi ya mama wasiosoma. Maisha ya Magdalene Odundo yanatufundisha neno lingine.

Alizaliwa Nairobi, Kenya, mwaka wa 1950. Mwaka wa 1971 alikwenda Uingereza kusoma sanaa. Kisha, mwaka wa 1974, alikwenda Abuja, Nigeria. Huko mama wa kabila la Gwari, kati yao Ladi Kwali, walimfundisha kujenga chungu kwa mikono, pasipo gurudumu. Hakusikia haya kuwa mwanafunzi wao.

Namna yake ni hii: anajenga udongo polepole, anausugua mpaka ung'ae, ndipo anauchoma. Penye hewa ya kutosha chungu kinakuwa chekundu. Kikichomwa tena penye moshi na hewa kidogo, kinakuwa cheusi.

Alifundisha miaka mingi, akawa profesa huko Farnham, Uingereza. Vyungu vyake vinawekwa hata katika British Museum, London. Mwaka wa 2020 alipewa cheo cha Dame.

Basi, ndugu mkatekista wa Mabalako, usizarau chungu cha mama wa kijiji. Umwulize kwanza namna anavyochagua udongo. Yeye pia ni mwalimu, na akifa pasipo mwanafunzi, ufundi wake unazikwa naye.