Kabla Hujaizika Kadi ya Michoro

Kijana mmoja anayehariri video za harusi aliniletea kompyuta yake ya mezani akiwa ameshakata tamaa. Aliiunda mwenyewe, kifaa kimoja baada ya kingine kadiri pesa ilivyopatikana: prosesa ya Core i5-12400F, kadi ya michoro ya Radeon RX 580 iliyokwisha kutumika, na kasha lililokuja na pawa saplai yake ndani. Akiandika barua au akitazama filamu, hakuna tatizo. Akianza tu kutoa video iliyokamilika, mashine inazima papo hapo, kama mtu kachomoa waya ukutani. Alikuwa ameambiwa kadi imekufa, na tayari alikuwa anadunduliza ya kununua nyingine.

Kadi ile inafanya kazi mpaka leo. Tatizo lake lilikuwa njaa ya umeme, na hesabu yake mtu yeyote anaweza kuipiga. Sloti ya PCIe kwenye madabodi haiipi kadi zaidi ya wati 75. Kinachozidi hapo kinaletwa na waya kutoka pawa saplai: plagi ya pini 6 imekadiriwa wati 75, ya pini 8 wati 150. RX 580 ikiwa kazini inakula wati 185 hivi. Prosesa ile ikikaza mwendo inafika wati 117. Hizo ni wati 302, na bado hujagusa diski, feni wala taa za urembo.

Pawa saplai iliandikwa wati 500 kwa herufi kubwa. Nikaigeuza nikasoma kibandiko chake cha ubavuni, safu ya volti 12, kwa sababu hiyo ndiyo inayolisha prosesa na kadi. Ampea 20. Zidisha 12 kwa 20 upate wati 240. Wati nyingine zilizotajwa kwenye lile tangazo kubwa zilitokana na safu za volti 5 na 3.3, ambazo kompyuta za sasa hazizihitaji sana. Plagi ya pini 8 haikuwapo kabisa. Muuzaji alimpa waya wa kuunganishia uliochukua umeme kwenye plagi za diski. Pawa saplai isiyo na plagi ya kadi inakuambia yenyewe kwamba haikutengenezwa kwa ajili ya kadi ya namna hiyo.

Ndiyo maana swali langu la kwanza huwa hili: kinachozima ni kioo peke yake au mashine nzima? Mashine nzima ikizima au ikajiwasha upya wakati wa kazi nzito, naanza na pawa saplai, kisha joto la prosesa. Kioo kikiwa cheusi huku wimbo unaendelea kusikika, mashine iko hai, na hapo ndipo kadi, draiva yake au waya wa monita vinapoingia kwenye orodha ya washukiwa. Jibu la swali hili moja huniokolea saa nzima ya kufungua skrubu.

Vitone na mistari ya rangi kwenye kioo navyo vina swali lake: vinaanza lini? Ingia kwenye ukurasa wa BIOS, kabla Windows haijaanza. Pale draiva bado haijaamka, kwa hiyo uchafu ukionekana huko, na umeshajaribu waya na monita nyingine, basi ni chipu au memori ya kadi yenyewe. Ukionekana ndani ya Windows tu, mtuhumiwa wa kwanza ni draiva. Zima intaneti, washa kompyuta katika hali salama, futa draiva ya zamani kwa programu ya Display Driver Uninstaller, halafu weka mpya uliyoipakua kwenye tovuti ya AMD au Nvidia. Kupachika draiva mpya juu ya mabaki ya zamani huacha migongano inayomsumbua mtu kwa wiki kadhaa.

Kompyuta mpya isiyotoa picha tangu siku ya kwanza, tazama waya wa monita umechomekwa wapi. Ile herufi F mwishoni mwa 12400F maana yake prosesa haina michoro ya ndani. Tundu la HDMI la madabodi halitatoa picha hata ungoje mpaka kesho. Waya unatakiwa kwenye kadi.

Kwetu pwani kuna vumbi na kuna hewa ya chumvi. Vumbi huziba mapezi ya kupozea na kadi hupunguza kasi yenyewe ili isiungue. Chumvi na unyevu huchafua ule ukingo wa dhahabu unaoingia kwenye sloti, kadi ikawa leo inaonekana, kesho haionekani. Zima, chomoa waya ukutani, toa kadi, futa ukingo kwa kitambaa laini chenye alkoholi ya isopropili, uache ukauke, kisha urudishe mpaka kishikizo kilie. Unapopuliza vumbi, shika mapanga ya feni kwa kidole. Yakizungushwa kwa kasi na blowa, beringi zake huharibika.

Kadi zilizokwisha kutumika zinahitaji jicho la ziada. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha uchimbaji Septemba 2022, kadi nyingi zilizokuwa zikichimba usiku na mchana ziliishia kwenye soko la mitumba. Baadhi zilibadilishwa BIOS iliyo ndani ya kadi ili zichimbe vizuri, na kadi ya namna hiyo draiva inaweza kuikataa hata kama haina kasoro ya kimwili. Kuirudishia BIOS yake ya asili kunaweza kuiponya. Ninachokipinga kabisa ni kuichoma kadi kwa hita au ovena ili "ifufuke". Hufufuka kweli, kwa siku chache au wiki chache, muda unaomtosha muuzaji kuondoka na pesa yako.

Kijana yule alinunua pawa saplai ya wati 550 ambayo safu yake ya volti 12 ina ampea 45, yaani wati 540. Iligharimu kidogo kuliko kadi aliyotaka kununua. Kwa hiyo ndugu msomaji, ukiambiwa kadi yako imekufa, omba ichomekwe kwenye mashine nyingine yenye pawa saplai ya kutosha, mbele ya macho yako, kabla hujatoa hata shilingi moja.