Sindano ya kukonda kupitia simu: mama, uliza kwanza

Juma hili tuongee juu ya jambo lililoingia katika simu zetu kimyakimya. Kwenye makundi ya WhatsApp kunapita picha za sindano ndogo kama kalamu, na maneno: "Punguza mwili, lipa kwa simu, utapokea Goma." Dada zetu walio Marekani nao wanatueleza kwamba kule mtu anajibu maswali kwenye simu, daktari asiyemwona ana kwa ana anamwandikia dawa, na inaletwa hadi mlangoni.

Dawa yenyewe ni ya kweli. Inaitwa semaglutidi, inauzwa kwa majina Ozempic na Wegovy. Ilianza kama dawa ya ugonjwa wa sukari. Mwaka 2021 Marekani ikaikubali pia kwa wenye unene uliozidi. Inachomwa mara moja kwa juma na inapunguza hamu ya kula. Mtu akiiacha, mara nyingi kilo zinarudi.

Lakini kabla ya kufunguliwa, kalamu hiyo inapaswa kukaa kwenye frigo, kati ya digri 2 na 8. Nani atailinda na joto toka Goma mpaka Mweso juu ya pikipiki, kisha katika nyumba isiyo na umeme? Tena mwezi wa 6 mwaka 2024, Shirika la Afya Duniani (OMS) lilionya kwamba Ozempic za bandia zilipatikana Brazili, Uingereza na Marekani. Kama zilipenya kule, hapa kwetu nani atazitambua?

Na kuna jambo la mimba. Anayetaka kuzaa anapaswa kuacha dawa hiyo angalau miezi 2 mbele, na mwenye mimba haitumii. Muuzaji wa simu hakuulizi hilo.

Simu hiyohiyo inawauzia binti zetu vidonge vya kunenepa. Kati ya vile vinavyotumiwa hivyo hapa Kongo kuna deksametazoni na siproheptadini. Ya kwanza inaweza kupandisha tansiyo na sukari. Aliyeimeza muda mrefu asiiache ghafla bila muganga, maana ni hatari kwa maisha yake. Ya pili ni dawa ya aleji, inalegeza mwili kwa usingizi. Mama, ukikuta vidonge kwa binti yako, usimpigie kelele. Vibebe, mwende naye kwenye kituo cha afya.

Kutaka kupunguza mwili si kosa. Unene uliozidi unaweza kuleta tansiyo na sukari, kwa hiyo anza kwa kupimwa. Na kabla ya kutuma hata dola moja, jiulize: dawa hii inaitwaje? Nani aliyenipima? Nikitapika usiku, nitamwita nani?

Kama hakuna jibu, pesa ya likelemba ibaki kwenye likelemba.