KUTU CHINI YA GARI: NAMNA YA KUIZUIA NA KUITIBU
Ufafanuzi kwa wenye vyombo vya moto wa Unguja na Pemba

Wenye gari, madereva na matingo wote wanakumbushwa kwamba gari haizeeki kwa injini peke yake. Si mara chache hapa Visiwani gari kuondoka barabarani hali injini yake ingali nzima, kwa sababu chuma cha chini kimekwisha kuliwa na kutu. Mwenyewe huishughulikia rangi ya juu, akaipiga nta hadi ikang'ara, ilhali upande wa chini haujatazamwa tangu siku iliponunuliwa. Upande huo ndio uliobeba paipu za breki, springi, tangi la mafuta na sakafu wanayoikalia abiria. Kwa hivyo jambo hili si la kulinda mali tu, bali ni la kulinda roho za watu.

ASILI YA KUTU

Kutu huzaliwa vinapokutana vitu vitatu: chuma, maji na oksijeni iliyomo hewani. Kimoja kikikosekana, hakuna kutu. Chumvi si mzazi wa kutu, bali ni mchochezi wake. Chuma kinapoliwa, hupita ndani yake na ndani ya maji yaliyokigusa umeme mdogo sana, na maji yenye chumvi huupitisha umeme huo kwa wepesi kuliko maji matupu. Ndipo kazi ya miaka ikafanyika kwa miezi.

Tena chumvi ya bahari huvuta unyevu kutoka hewani. Kila mwenye jiko anajua kwamba chumvi ikiachwa wazi wakati wa masika hulowa bila ya kutiwa maji. Ndivyo ilivyo chini ya gari: tope lenye chumvi halikauki sawasawa, hata kama gari haikunyeshewa. Na kutu ikishaanza hufura, kwani huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Huinua rangi, ikafanya maganda, na maganda hayo hushika maji mengine. Kwa sababu hiyo kutu haiachi yenyewe mpaka iachishwe.

CHUMVI INAKOTOKA

Upepo wa bahari peke yake huleta chumvi kwa gari zinazolala karibu na pwani. Lakini zinazodhurika zaidi ni zile zinazoteremshwa mchangani kupakia samaki au mwani, zinazoingizwa majini kuvuta mashua, na zinazovushwa kwa meli juu ya sitaha iliyo wazi. Gari za samaki zina dhara yake pekee: barafu huyeyuka, maji yakachanganyika na chumvi na damu, kisha yakapenya katika maungio ya sakafu na kuteremka juu ya chasisi kila siku.

Vilevile wanunuzi wa gari zilizotumika kutoka Japani waelewe kwamba katika sehemu za baridi za nchi hiyo, kama vile kisiwa cha Hokkaido, barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji ili barafu isigande. Gari iliyotoka huko huweza kufika bandarini ikiwa safi juu na mbovu chini. Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe gari inyanyuliwe aitazame mwenyewe. Akiona chini pamepakwa rangi nyeusi mpya iliyo nzito, basi aulize kilichofichwa.

KINGA YA KWANZA: MAJI MATAMU

Dawa iliyo rahisi kuliko zote ni kuosha upande wa chini kwa maji matamu. Gari iliyogusa maji ya bahari ioshwe siku ile ile, wala isingoje Ijumaa. Gari nyengine za pwani inafaa zioshwe chini mara moja kwa wiki, na za mashamba mbali na bahari angalau mara mbili kwa mwezi.

Izingatiwe kwamba visima vingi vilivyo karibu na bahari hutoa maji yenye chumvi. Kuosha gari kwa maji hayo ni kuipaka kile unachotaka kukiondoa. Onja maji kwanza. Yakiwa na munyu, yasitumike kwa suuza ya mwisho. Palipo na uhaba wa maji matamu, ndoo mbili zatosha zikitumiwa kwa brashi: moja ya kulainisha na kuondoa tope, ya pili ya kusuuzia.

Mahali pa kuelekeza maji ni ndani ya madigadi, nyuma ya bampa, juu ya tangi la mafuta, kwenye vikombe vya springi na ndani ya mbavu za chasisi. Chini ya milango mna vitundu vidogo vya kutolea maji. Vikizibwa na tope, mlango hugeuka kuwa bakuli. Vizibuliwe kwa kijiti. Baada ya kuosha, gari iendeshwe kidogo na breki zikanyagwe polepole zikauke, kisha iegeshwe pakavu penye upepo, si juu ya majani mabichi.

UKAGUZI MARA MBILI KWA MWAKA

Chini ya gari patazamwe kabla ya masika na baada yake. Gari iwe mahali pa sawa, magurudumu yawekewe vizuizi, na uzito wake ukalie stendi za chuma zilizo imara. Ni marufuku kwa mwenye akili zake kuingia chini ya gari iliyonyanyuliwa kwa jeki peke yake.

Tumia nyundo ndogo kugonga chuma. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza hutoa sauti ya bubu, na pengine bisibisi hupenya. Kwa njia hiyo kutu itagawika katika daraja tatu.

Daraja la kwanza ni kutu ya juu juu, nyekundu na nyembamba. Hii mwenye gari aweza kuitibu mwenyewe. Osha, kausha, kisha sugua kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kiwe cheupe, hali umeziba pua na kukinga macho. Futa vumbi na mafuta. Paka rangi ya kinga, na iliyo bora ni yenye zinki nyingi, kwani zinki hukubali kuliwa kabla ya chuma. Lakini rangi hiyo haina kazi isipokigusa chuma kitupu. Palipobaki alama ndogo zisizofikiwa na msasa, zipo dawa za asidi ya fosfori au ya tanini zinazoigeuza kutu nyembamba kuwa utando mgumu. Maelezo ya chupa yafuatwe. Rangi ya kinga isiachwe peke yake, maana hupitisha maji. Ifuatiwe na rangi ya juu mikono miwili, hasa pembeni na penye bolti. Mipira, ekzosi na diski za breki zisipakwe.

Daraja la pili ni kutu yenye maganda na mashimo madogo, ambayo chuma chake kingali kigumu. Matibabu ni yale yale, ila maganda yote yabanduliwe kwanza kwa tindo, na fundi aone unene uliobaki. Ndani ya mbavu zilizofungika, ambamo brashi haifiki, hupulizwa mafuta mazito ya nta yanayotengenezwa kwa kazi hiyo, nayo hurudiwa kila mwaka.

Daraja la tatu ni chuma kilichotoboka. Hapa hapana rangi wala dawa. Panahitajiwa fundi mwaminifu. Gari ndogo nyingi hazina chasisi ya peke yake kama lori. Sakafu na vizingiti vya chini ya milango ndivyo vinavyobeba uzito na kupokea kishindo cha ajali. Kwa hivyo kijaza kizingiti kwa puti, magazeti na rangi ni kuwadanganya abiria. Sehemu iliyooza ikatwe mpaka kwenye chuma kizima, kiungwe chuma kipya cha unene ule ule, kisha pakingwe ndani na nje. Kabla ya kuchomea, betri ifunguliwe, na tangi na paipu za mafuta ziondolewe karibu na moto.

PAIPU ZA BREKI

Paipu za breki zinastahiki kutajwa peke yake. Nyingi ni za chuma chembamba, na kutu hupenda kuzila chini ya vibanio, pasipoonekana. Paipu iliyodhoofika huweza kustahamili breki za kila siku, ikapasuka siku ile dereva anapokanyaga kwa nguvu kumkwepa mtoto wa skuli. Paipu yenye maganda isisuguliwe wala isipakwe rangi, wala isiungwe kwa mpira na kibanio. Ibadilishwe. Zipo paipu za mchanganyiko wa shaba na nikeli ambazo haziingii kutu, nazo zinafaa sana kwa mazingira yetu. Ikiwa pedali inateremka au mafuta ya breki yanapungua, gari isitoke mpaka ikaguliwe.

MAMBO YA KUEPUKWA

Ipo desturi ya kupaka oili chafu chini ya gari. Oili hiyo huzuia maji kwa muda, lakini ina asidi na masizi, huharibu mipira, hudhuru ngozi ya anayeipaka, na hudondoka ardhini. Sehemu kubwa ya ardhi yetu ni mawe ya matumbawe yenye matundu, na maji tunayoyanywa yamo chini yake. Anayelinda gari yake kwa oili chafu huenda anamtilia jirani sumu kisimani.

Ya pili ni kupaka lami nzito juu ya kutu. Lami hiyo hupasuka, maji yakaingia nyuma yake yasitoke, na kutu ikaendelea kivulini. Mwenyewe huridhika kwa weusi anaouona, mpaka siku sakafu itakapoachia.

Wenye vyombo vya moto wanaombwa kuzingatia maelezo haya, na wenye daladala na gari za shamba wayazingatie zaidi, kwa kuwa wamekabidhiwa watu. Wahenga wamesema, mdharau mwiba mguu huota tende. Ndoo mbili za maji matamu leo ni nafuu kuliko sakafu mpya mwakani, na sakafu mpya ni nafuu kuliko roho moja.