Bei ya hektopaskali 70

Machi 2019, kimbunga Idai kilipofika kilele chake katika Mlango wa Msumbiji, mgandamizo wa hewa katikati yake ulikadiriwa kuwa hektopaskali 940. Siku ya kawaida eneo lile husoma kama 1010. Upungufu ulikuwa 70, yaani asilimia 7 tu. Muuza maziwa akikupunja asilimia 7 ya lita, huenda usigundue. Lakini upungufu huo wa hewa ulizaa upepo wa kilomita 195 kwa saa, na kimbunga hicho kikaua zaidi ya watu 1,000 katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Sehemu kubwa ya jiji la Beira ilibaki bila paa, bila umeme na bila simu, kiasi kwamba kwa siku kadhaa dunia haikujua vizuri kilichotokea huko.

Asilimia 7 inawezaje kufanya kazi ya namna hiyo? Nadhani kila mtu anayeishi pwani hii anastahili kupewa hesabu yake kamili, kwa sababu si ngumu, na siku moja inaweza kumfaa.

Tuanze na bati. Juu ya kila mita ya mraba ya ufukwe imesimama nguzo ya hewa inayofika hadi ukingo wa anga, na nguzo hiyo ina uzito wa tani 10 na ushei. Bati la urefu wa mita 3 na upana wa sentimita 80 lina eneo la mita za mraba 2.4, kwa hiyo muda wote limebeba karibu tani 25 za hewa. Halipindi, kwa kuwa hewa iliyo chini yake, ndani ya nyumba, inalisukuma kwenda juu kwa nguvu ileile. Mizani imelingana. Sasa punguza hektopaskali 1 tu upande wa juu. Hektopaskali 1 ni kama kilo 10 kwa kila mita ya mraba, basi bati lako linavutwa juu kwa kilo 24, karibu nusu mfuko wa saruji. Tofauti ikifika hektopaskali 10, ni kilo 240 kwa kila bati, na misumari mingi ya nyumba zetu haikupigwa kwa hesabu hiyo.

Hapo watu wengi huteleza na kudhani kwamba mgandamizo mdogo wenyewe ndio hatari. Angalia Nairobi. Kwa kuwa mji huo uko juu sana kutoka usawa wa bahari, kipimo kisichosahihishwa husoma pale kama hektopaskali 830 kila siku ya Mungu. Mgandamizo mdogo kuliko wote uliowahi kupimwa katikati ya kimbunga, usawa wa bahari, ni hektopaskali 870, katika kimbunga Tip cha Bahari ya Pasifiki, Oktoba 1979. Kumbe mkazi wa Nairobi anakunywa chai yake ya asubuhi chini ya mgandamizo mdogo kuliko wa jicho la Tip, na pazia la dirishani halitikisiki! Kipimo kidogo peke yake hakina upepo. Upepo uko kwenye tofauti kati ya mahali na mahali, na zaidi kwenye umbali ambao tofauti hiyo imebanwa ndani yake.

Njia nzuri ya kuiona tofauti hiyo ni kuifanya kuwa mteremko. Karibu na usawa wa bahari, ukipanda mita 8 unapoteza kama hektopaskali 1. Simu nyingi za siku hizi zina kipimo cha mgandamizo ndani yake: panda ngazi hadi ghorofa ya tatu ukiwa na simu hiyo mkononi, utaona namba ikishuka. Kwa hiyo tofauti ya hektopaskali 1 kati ya miji miwili ya pwani ni kama kilima cha mita 8 ambacho hewa inateremka.

Chukua upepo wa Kusi. Mwezi Julai, kusini mwa Bahari ya Hindi, upande wa visiwa vya Mascarene, hukaa mgandamizo mkubwa wa hewa, ule ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, huutaja karibu katika kila utabiri wa msimu. Kule kaskazini, bara la Asia limeungua kwa jua, hewa yake imepanda na mgandamizo umepungua. Tofauti kati ya ncha hizo mbili ni kama hektopaskali 25 au 30, lakini imeenea katika zaidi ya kilomita 6,000. Ukigawanya, unapata hektopaskali 1 kwa kila kilomita 200 na kitu. Ni mteremko wa mita 8 kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na kuendelea mbele. Mteremko huo hata mpira haungeviringika, lakini ndio uliosukuma majahazi kutoka Unguja hadi Arabuni na Bara Hindi kwa karne nyingi, kwa sababu hausimami usiku wala mchana kwa miezi. Kaskazi ni hesabu hiyohiyo iliyogeuzwa: Desemba hadi Machi, Asia ni baridi na hewa nzito iko kwao.

Sasa rudi kwa Idai. Hektopaskali 70 ndani ya kama kilomita 300 ni hektopaskali 1 kwa kila kilomita 4 au 5, na karibu na jicho mteremko ulikuwa mkali zaidi ya wastani huo. Kwa macho bado ni kitu kidogo, kama mita 2 za kuteremka kwa kila kilomita. Baiskeli ingehitaji kupigwa pedeli. Ila hewa ni nyepesi, na juu ya bahari hakuna mengi ya kuizuia. Hewa iliyoachiwa katika mteremko huo bila msuguano wowote ingepita kasi ya kilomita 200 kwa saa ndani ya saa moja. Ya Kusi, kwa saa hiyohiyo, ingeongeza kilomita 4 au 5 tu.

Mwenye akili atauliza: mbona hewa isikimbilie shimo hilo ikalijaza, mambo yakaisha? Ingelijaza upesi kama dunia ingekuwa imesimama. Kwa kuwa dunia inazunguka, upepo wa kusini mwa ikweta hupindishwa kushoto, ukalikosa shimo na kuanza kulizunguka kwa mwelekeo wa mshale wa saa. Nguvu hiyo ya kupindisha ni sifuri pale ikweta na huongezeka kadiri unavyokwenda mbali nayo. Mombasa, nyuzi 4 kusini, ni ndogo sana. Beira, karibu nyuzi 20, ni karibu mara 5 ya ile ya Mombasa. Ndiyo sababu vimbunga ni nadra sana ndani ya nyuzi 5 za ikweta, na ndiyo sababu wazee wa Lamu na Mombasa wana hadithi chache za vimbunga kuliko wazee wa Nampula.

Uchache huo umetuzoesha vibaya. Unguja iko nyuzi 6 tu, lakini tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliingia, kikavunja merikebu za Sultani Barghash bandarini na kung'oa kama theluthi mbili ya mikarafuu na minazi ya kisiwa. Mkarafuu hauzai vizuri kabla ya miaka kadhaa. Pemba, ambayo iko umbali mfupi tu kaskazini, ilinusurika, na tangu hapo ndiyo ikawa shamba kubwa la karafuu. Upepo wa siku moja ulihamisha uchumi mzima kutoka kisiwa kimoja hadi kingine. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Aprili 2019, wiki 6 baada ya Idai, kimbunga Kenneth, chenye hektopaskali 934, kiliingia Cabo Delgado, chini ya kilomita 300 kutoka Mtwara. Na tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, nyuzi 8 kusini.

Mafuta ya injini ya kimbunga ni mvuke. Bahari ikifika nyuzijoto 26.5 hivi na zaidi, hutoa mvuke wa kutosha. Mvuke ukipanda na kugeuka maji, huachia lile joto lililouvukiza, na kwa kila lita 12 za mvua joto hilo linalingana na kuchoma kilo 1 ya mkaa. Mvua ya milimita 1 juu ya kilomita moja ya mraba ni lita milioni 1, sawa na tani 83 za mkaa. Kimbunga hushusha milimita 100, 200 na zaidi, juu ya maelfu ya kilomita za mraba. Joto hilo hupanua hewa ya juu, hewa hutawanyika pembeni, nguzo hupungua uzito, na shimo huzidi kuchimbika. Likiingia nchi kavu, mkaa umekatwa, na upepo huanza kufa. Mvua haifi haraka hivyo, na ndiyo iliyoua wengi Chimanimani, Zimbabwe, milimani kabisa, mbali na bahari.

Gharama nayo haipandi sambamba na kasi. Nguvu ya upepo hupanda kwa kipeo cha pili: kasi ikiongezeka mara 2, msukumo unaongezeka mara 4. Upepo wa kilomita 100 kwa saa husukuma ukuta kwa karibu kilo 47 kwa kila mita ya mraba. Kwa 195 ni kama kilo 180. Bati letu la mita za mraba 2.4, likisimamishwa wima mbele ya upepo huo, linapokea zaidi ya kilo 400. Bahari nayo hunyanyuka kama sentimita 1 kwa kila hektopaskali inayopungua, kwa hiyo hektopaskali 70 ni sentimita 70, kabla hujahesabu maji ambayo upepo umeyasukumia ufukweni, na hayo huwa mengi zaidi. Beira imejengwa kwenye tambarare iliyo karibu sawa na bahari.

Bili ya Idai na Kenneth ilisomwa Beira kwenyewe, katika mkutano wa wafadhili uliomalizika tarehe 1 Juni 2019: Msumbiji ilihitaji dola bilioni 3.2 kujijenga upya, karibu moja ya tano ya pato la taifa la mwaka mzima. Ahadi zilizotolewa zilifika dola bilioni 1.2. Pengo la bilioni 2 liliachiwa watu ambao hawakuwa na chochote cha kuliziba, na ahadi yenyewe bado si pesa mkononi.

Linganisha na bei ya kuonywa. Bangladesh ilipigwa Novemba 1970 na kimbunga Bhola, chenye hektopaskali kama 960, wakafa watu wasiopungua 300,000. Novemba 2007 kilikuja Sidr, cha hektopaskali 944, kikali zaidi. Idadi rasmi ya waliokufa ilikuwa karibu 3,400, vilio vingi bado, lakini ni kama mtu 1 kwa kila 100 waliokufa mara ya kwanza. Katikati ya miaka hiyo walijenga nyumba za kukimbilia na kufundisha wajitolea zaidi ya 40,000 wa kupita kijiji kwa kijiji na vipaza sauti. Mwaka 2019 Tume ya Dunia ya Kuhimili Mabadiliko ya Tabianchi ilikadiria kwamba onyo la saa 24 kabla linaweza kupunguza hasara kwa asilimia 30. Hidaya kilipokuja, TMA ilitangaza siku kadhaa kabla, na boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa. Kwangu hiyo ndiyo pesa ya umma iliyotumika vizuri kuliko nyingine zote mwaka ule.

Mvuvi naye anaweza kujisomea. Katika ukanda wetu mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku kama maji kujaa na kupwa: huwa juu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, huwa chini saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, tofauti ikiwa kama hektopaskali 3. Hilo lisikutishe, ni pumzi yake ya kawaida. Linganisha saa ileile na saa ileile, na uwe mahali palepale. Mabaharia wa bahari za joto wana kanuni yao ya zamani: kipimo kikiwa chini ya kawaida ya msimu kwa 3, kaa macho. Kwa hiyo ukiona hivyo kati ya Novemba na Mei, fungua redio umsikilize mtu wa hali ya hewa. Kikiwa chini kwa 5 au zaidi, usingoje kuona wingu: vuta chombo nchi kavu, ita jirani, ondokeni bondeni kungali mchana.