Darubini Kubwa Inapohama Mikono

Gikundamvura, katika wilaya ya Rusizi nchini Rwanda, iko kusini mwa ikweta kwa nyuzi zisizofika 3, na anga lake ni utajiri ambao Ulaya haina. Katikati ya Juni, masika yakishakwisha, nyota saba za Dubu Mkubwa huonekana kaskazini na Msalaba wa Kusini upande wa pili, kwa wakati mmoja. Saa mbili usiku Omega Centauri, fungu la mamilioni ya nyota, huwa limefika kilele cha njia yake. Jicho tupu huliona kama nyota moja yenye ukungu. Kwenye darubini ya kioo cha sentimita 30, ukungu huo hugeuka chenga za nyota zisizohesabika. Kioo hicho hukusanya mwanga zaidi ya mara 1,800 ya mboni ya jicho iliyopanuka gizani, na aliyekwisha kuchungulia humo hutamani kikubwa zaidi.

Ila ikweta ina masharti yake. Stendi nyingi za kufuata nyota huzunguka kwenye mhimili unaopaswa kuelekea ncha ya anga, na Rusizi ncha ya kusini imelala karibu na upeo, nyuma ya vilima. Stendi iliyoundwa kwa ajili ya Ulaya mara nyingi haiwezi kuinama kiasi hicho. Kitako cha mbao alichobuni John Dobson, aliyekuwa mtawa wa Vedanta huko San Francisco, hakihitaji mhimili huo. Husukumwa kwa mkono tu. Kasoro yake ni utosini, ambako kukizungusha hakusaidii kitu, nako ndiko sayari hupita kwetu. Hata hivyo ningechagua cha Dobson, maana fundi seremala yeyote anaweza kukitengeneza upya.

Kinachomshinda mwenye darubini kubwa kwa kawaida ni uzito. William Herschel alikamilisha darubini yake ya mita 12, yenye kioo cha mita 1.2, mwaka 1789 huko Slough, Uingereza, lakini kazi nyingi aliendelea kuifanya kwa ile ndogo ya mita 6. Mwanawe John alichukua darubini ya mita 6 hadi Rasi ya Tumaini Jema, akapima anga la kusini kuanzia 1834 hadi 1838. Kubwa ilioza uwanjani. Mwishoni mwa 1839 familia iliketi ndani ya bomba lake ikaimba wimbo wa kuiaga.

Nasikitika kila nikisikia kioo kizuri kimefungiwa stoo hadi ukungu wa unyevu ukakila. Tabaka la alumini linaloakisi mwanga ni jembamba mno, takriban sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, na kulipaka upya kunahitaji chumba kisicho na hewa. Heri kuachana nacho kingali king'aavu. Kenya, tangu 2014, Susan Murabana na shirika lake, The Travelling Telescope, wamekuwa wakipeleka darubini shuleni. Chombo cha mtu mzima aliyechoka kubeba kingefaa sana mikono kama hiyo.

Anayetoa akae na anayepokea usiku kadhaa. Amfundishe kulinganisha vioo viwili, kazi inayorudiwa kila darubini inaposafirishwa, na kuacha vumbi dogo lilivyo. Vumbi likizidi, kioo huoshwa kwa maji yaliyokenekwa na sabuni kidogo, bila kusugua.