Simba Ametoka Kama Ameyeyuka? Kabla Uchukue Mkopo wa Kamera Mpya, Soma Hii

Wasee wa Kanairo tuko na bahati fulani ambayo watu wa miji mingi hawana. Unatoka keja asubuhi, unashika Lang'ata Road, na kabla chai ipoe tumboni uko mbele ya kifaru. Nairobi National Park iko hapo tangu 1946, kilomita mraba 117, na ghorofa za tao zimesimama nyuma kama zimechorwa. Ndio maana kila Jumatatu Insta inajaa simba, twiga na mbuni wa wikendi.

Sasa shida. Nyingi ya hizo picha ziko na simba anayekaa kama alichorwa na chaki halafu mvua ikanyesha. Na mwenye picha huwa na jibu tayari: "Kamera yangu ni takataka." Kinachofuata unakijua: mkopo wa simu, marafiki wanasumbuliwa, kamera mpya inaingia, caption ya "new baby". Wikendi ijayo simba bado ameyeyuka, tofauti ni kwamba sasa kuna deni.

Ukweli ni kwamba kamera huwa mtu wa mwisho kwenye laini ya washukiwa. Na mshukiwa halisi hajifichi, picha yenyewe inamtaja. Fungua ile picha mbaya kwa kompyuta, ivute mpaka asilimia 100, uangalie ukungu wake uko aje.

Kama kila kitu, simba, nyasi, mawe, kimevutika upande mmoja, ni mkono wako ulitetemeka. Kama nyasi ziko kali lakini mguu wa simba umeenea kama siagi, mnyama alikuwa anasonga kuliko kasi ya kamera yako. Kama kichaka cha mbele au mti wa nyuma uko kali na simba ndiye mlaini, fokasi ilishika mahali si pake. Kama picha nzima inacheza kama unaitazama kupitia maji, hiyo ni joto la hewa. Na kama kila picha, siku zote, hata ya ukuta uliosimama, ni laini, hapo sasa ndio unaeza anza kuongea mambo ya lenzi. Angalia hizo tano zimepangana aje. Nne za kwanza hazihitaji hata shilingi.

Tuanze na shata, ju hapo ndio wengi wanaangukia. Shata ni kile kimlango ndani ya kamera kinachofunguka ili mwanga ufikie sensa. Kikikaa wazi muda mrefu, chochote kinachosonga kinachorwa kikisonga, iwe ni mkono wako au mkia wa simba. Kamera ikiwa kwa Auto haijui uko na simba mbele. Inaona mwanga ni kidogo, inaamua 1/100, inakuletea uji.

Kuna kanuni ya zamani ambayo bado inafanya kazi: kasi ya shata isiwe chini ya urefu wa lenzi. Uko na lenzi ya 300mm? Anza na 1/300. Lakini kamera nyingi ambazo wasee wanabeba, zile Canon 200D na ndugu zake, ziko na sensa ndogo inayokata picha, kwa hivyo unazidisha na 1.6. Nikon na Sony za sensa kama hiyo ni 1.5. Sasa 300 mara 1.6 ni 480, yaani 1/500 ndio sakafu yako. Na hiyo ni ya mkono wako pekee, mnyama bado hajahesabiwa.

Mnyama naye ana kasi zake. Simba amelala chini ya mti, 1/500 inatosha. Twiga akitembea, weka 1/1000. Pundamilia wakianza kukimbizana au swala akiruka, 1/2000. Ndege akipaa, 1/2500 kwenda juu, na hata hapo ncha za mabawa zinaweza kukuhepa. Kile kituliza mtetemo cha lenzi, kinachoandikwa IS kwa Canon, VR kwa Nikon na OSS kwa Sony, kinasaidia mkono wako peke yake. Hakiwezi kumwambia swala atulie. Watu wengi wanalipia hiyo kitu wakidhani inazuia kila aina ya ukungu.

"Lakini nikiongeza shata picha inakuwa giza." Sawa, ndio ISO ikaumbwa. Seti kamera kwa M, weka shata 1/1000, fungua tundu la lenzi hadi mwisho, ile namba ndogo kabisa ya f ambayo lenzi inakubali, kisha ISO uiachie Auto. Alfajiri itapanda hadi 3200, hata 6400, na Julai, Nairobi ikiwa na yale mawingu ya baridi, itakaa hapo juu mpaka saa nne. Picha itakuwa na chengachenga kiasi. Achana nazo. Chenga zinasafishika, Lightroom ina kifaa cha kuziondoa na zinaenda kweli, hasa kama ulipiga kwa RAW. Ukungu wa mtetemo hausafishiki. Zile app za kunoa picha zinakupea simba wa plastiki, na watu wanaona.

Fokasi sasa. Kwenye menyu ya kamera kuna njia mbili kuu: moja inashika mara moja na kufunga, ingine inaendelea kumfuata mnyama bora umeshikilia kitufe. Unataka hii ya pili. Canon wanaiita Servo au AI Servo, Nikon na Sony wanaiita AF-C. Halafu usiiachie kamera ichague pointi yenyewe, ju itachagua kilicho karibu, na savana kilicho karibu huwa ni nyasi. Chagua pointi moja, iweke kwa jicho. Jicho likiwa kali, mtu anasamehe sikio. Masikio yakiwa kali na jicho limefifia, hiyo picha imeenda. Kamera mpya mpya zinatafuta jicho la mnyama zenyewe, na hapo lazima niseme ukweli: kwa ndege hiyo teknolojia ni noma, ni sababu halali ya mtu kutaka kamera mpya. Lakini kwa simba aliyelala? Pointi moja ya kamera ya miaka kumi iliyopita inatosha kabisa.

Kwa nini jicho liwe ishu hivyo? Hesabu ndio hii. Ukiwa na 400mm kwa f/5.6 kwenye hizo kamera za sensa ndogo, na simba yuko mita 20, sehemu yote iliyo kali, kutoka mbele hadi nyuma, ni kama nusu mita. Akija mita 10 inabaki kama sentimita 13. Kichwa cha simba dume kutoka pua hadi masikio kinazidi hapo. Yaani fokasi ikishika pua, jicho linaweza kuwa tayari limeanza kulainika. Kwa hivyo piga mfululizo, picha tano sita kwa mpigo, uchague nyumbani. Kadi ya memori ni bei rahisi kuliko kurudi getini kesho.

Haya, uko ndani ya gari. Kwanza, zima injini. Injini ikinguruma gari lote linatetemeka, na lenzi ndefu inaukuza huo mtetemo. Dereva anaweza kukataa ju anaogopa simba akimsogelea, mnaongea vizuri, anazima. Pili, waambie mbogi iliyo nyuma iache kucheza, mtu mmoja akihama kiti gari lote linayumba. Tatu, sahau stendi ya miguu mitatu, haina nafasi mle ndani. Unachohitaji ni mfuko wa maharagwe. Chukua mguu wa jinzi nzee, shona upande mmoja, jaza maharagwe au ndengu kilo mbili hivi, shona upande wa pili, laza juu ya dirisha lililoshushwa, lenzi ikae juu yake kama mtoto kwa mto. Hii kitu inapita stendi nyingi za bei, na njaa ikibisha mwisho wa mwezi unajua pa kuangalia.

Joto ndilo watu hawalifikirii kabisa. Kufika saa nne, saa tano, ardhi imeshika moto na hewa inapanda ikicheza. Lenzi ndefu inaona ule mchezo wote. Mnyama akiwa mita mia na ushee, hakuna lenzi duniani itamnoa, hata ile ya 600mm f/4 inayouzwa bei ya gari. Ndio maana ile picha maarufu ya twiga na ghorofa za Upper Hill huwa inatoka fiti asubuhi na kuharibika saa sita. Geti linafunguliwa saa kumi na mbili, jua linatoka nusu saa hivi baadaye. Lipia mapema kwa eCitizen, ukuwe kwa laini ya kwanza. Masaa mawili ya mwanzo yana hewa tulivu, mwanga wa dhahabu, na simba ambao bado wanatembea. Ukikosa hiyo, piga vitu vya karibu. Na karibu si kuacha barabara kumfuata duma kwa nyasi. Hairuhusiwi, na duma aliyezungukwa na magari anakosa chakula chake ili wewe upate laiki.

Kama umefanya hayo yote na bado uko na doh inakuwasha, weka kwa lenzi kabla ya kamera. Ile 18-55 iliyokuja na kamera ni ya harusi na landscape, simba atatoka saizi ya njugu. Ya kuanzia ni kitu kama Canon 55-250 ama 70-300 iliyo na kituliza mtetemo. Kuna 75-300 ya Canon huwa inatupiwa kwa paketi pamoja na kamera kama zawadi: haina IS, na ukifika 300 inalainika. Ukiulizwa kama unaitaka, uliza bei bila hiyo. Juu zaidi kuna Sigma na Tamron za 150-600, na Nikon 200-500. Hizo ndizo lenzi za kazi za watu wasio na mjomba tajiri, lakini zina uzito wa kilo mbili hivi, na kuinunua ya kutumia mara tatu kwa mwaka ni kujionea. Kodisha. Maduka ya tao yanayokodisha kamera yanatoa hadi kwa siku, na mkichanga wanne gharama inakuwa kama ya nyama choma. Usiongeze ile filta ya kioo ya bei ya soko mbele yake. Kwa lenzi ndefu, kioo kibaya kinakula ukali wote uliolipia.

Ukiamua kununua ya mkono wa pili, Luthuli ama kwa msee wa mtandaoni, usilipe kabla ya kufanya hii. Mulika tochi ya simu kutoka nyuma ya lenzi uangalie kama kuna nyuzinyuzi kama utando wa buibui ndani. Hiyo ni kuvu, na inapenda lenzi zilizokaa kwa unyevu, za Pwani hasa. Halafu bandika ukurasa mzima wa gazeti ukutani, simama nao sambamba, fungua tundu hadi mwisho, piga, uvute kona zote nne. Kona moja ikiwa na herufi kali na ingine imefifia, vioo vya ndani vimehama, pengine ilianguka. Mrudishie, hata akikuapia ilikuwa ya dem wa Runda aliyekuwa anaitoa Krismasi pekee.